Baba Yangu Nahodha Haondoki Barazani

Khalati, assalamu alaykum.

Nakuandikia nikiwa Mkomani, Lamu, ghorofani, huku nasikia baba akikohoa chini barazani. Yuko hapo tangu alipotoka kuswali Alfajiri, na hapo hapo nitamkuta Magharibi.

Baba ana miaka 68. Alikuwa nahodha wa jahazi. Tangu ujana wake alipakia boriti za mikoko huku na kuzishusha Mombasa, na hata jahazi lilipotiwa injini hakuacha kupandisha tanga. Alisema injini ni ya watu wenye pupa. Mwaka juzi tulimwomba aache. Ndugu zangu wa kiume walisema watu watatusema tukimwacha mzee wetu baharini na sisi tuna uwezo. Akauza hisa yake, akarudi nyumbani. Tukamwambia: Baba, umetulea, sasa keti tukutumikie. Na kweli twamtumikia. Samaki aletewa, chai apelekewa pale pale alipo, hata nywele, kinyozi huja nyumbani.

Miezi sita ya kwanza alifurahi. Kisha akaanza kubadilika. Mtu aliyekuwa akipiga hadithi mpaka kahawa ipoe kikombeni, sasa ukimsalimu aitika kwa kichwa. Mchana hulala, usiku yuko macho. Chakula ni tonge mbili tatu. Na ameanza kusahau: juzi aliniuliza mara mbili kwa siku moja kama kaka yangu amerudi kutoka Malindi, na wiki iliyopita aliniita kwa jina la dada yangu, nilipomsahihisha akafoka.

Jirani asema ni kijicho, tumpeleke kwa mtu amtazamie. Shangazi yangu asema ni uzee tu, tumwache na Mola wake. Kaka alimpeleka hospitali, presha ikaonekana iko juu kidogo, akapewa vidonge, na daktari akamwambia: "Mzee, fanya mazoezi, yatakusaidia mpaka kichwani." Baba alirudi amenuna. "Nimevuta tanga miaka arobaini, leo kijana aniambia nivae bukta nikakimbie pwani ya Shela, watu wanicheke?"

Nami, Khalati, nimechoka. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za kudarizi kwa sindano, nakaa kitako tangu asubuhi mpaka macho yaniuma. Usiku namfikiria baba. Usingizi hunipaa saa nane na haurudi, moyo waenda mbio na hakuna kilichonikimbiza. Nina miaka 36 lakini najihisi mkubwa kuliko mama alivyokuwa, Mungu amrehemu.

Swali langu: hayo ya mazoezi kusaidia kichwa ni kweli, au ni njia ya daktari kutuondosha mlangoni? Miguu na akili wapi na wapi? Na kama ni kweli, mtu kama baba namwinua vipi?

Binti wa Nahodha, Lamu

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako ina jambo moja ambalo nimelisoma mara tatu, nawe umeliandika kama kitu cha kujivunia: hata nywele, kinyozi huja nyumbani. Hapo ndipo nilipomwona baba yako. Nyinyi hamkumstaafisha bahari peke yake, mmemstaafisha na miguu, tena kwa mapenzi na heshima, ndiyo sababu hata yeye hana la kulalamikia. Mtu aliyenyimwa hugomba. Aliyekirimiwa kila kitu atagomba na nani?

Hebu hesabu alichokuwa nacho. Alivuta kamba, akainua mizigo, akasimama siku nzima juu ya mbao zisizotulia. Alipiga hesabu ya maji na upepo, akajua huu ni mwongo wa ngapi wa Nairuzi, yaani kumi la siku la ngapi katika mwaka wa mabaharia, na kusi litaanza lini kulegea. Alitoa amri, akagombana na mabaharia, akapatana nao. Usiku alilala kwa sababu mwili ulikuwa umechoka kihalali. Vyote hivyo vilikatika siku moja. Badala yake akapewa mto wa kuegemea.

Sasa swali lako, miguu na akili wapi na wapi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya oksijeni tunayotumia. Ni mlaji mkubwa anayekaa juu kabisa, na chakula chake chote hupandishwa na damu. Moyo ukizoea kusukuma vizuri, mishipa ikabaki laini na presha na sukari zikatulia, ubongo hula vizuri. Mambo hayo yakiharibika, ubongo nao huumia, wala hausemi kwa maumivu kama goti. Husema kwa kusahau, kwa kununa, kwa kukosa hamu.

Kuna zaidi ya hilo. Kila upande wa kichwa, kwa ndani usawa wa masikio, mna kijisehemu kilichojikunja kinachotusaidia kuweka kumbukumbu mpya na kujua tuko wapi na njia ni ipi. Wataalamu hukiita hipokampasi, jina la Kigiriki la farasi wa bahari, maana umbo lake lafanana na yule samaki mdogo mwenye mkia wa kujipinda. Muulize baba, asikose kumjua. Tukiingia utu uzima kijisehemu hiki husinyaa kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Kirk Erickson na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu 120 wa miaka 55 hadi 80 ambao hawakuwa na mazoea ya kujishughulisha. Nusu yao walitembea mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Wengine walifanya mazoezi mepesi ya kujinyoosha viungo. Wale wa kujinyoosha, hipokampasi zao zilisinyaa kwa asilimia 1.4 hivi. Wale watembeaji, zao zilikua kwa asilimia 2.

Na walitembea kwa muda gani? Dakika 40. Wewe ni mtu wa Lamu, hujahitaji saa kupima hilo: ni kutoka mjini hadi Shela kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Tena hawakuanza na 40. Walianza na dakika 10, wakaongeza tano tano kila wiki.

Lakini sitaki nikuuzie mbuzi kwenye gunia. Watu wale hawakuwa na ugonjwa wa ubongo, na kukua kwa kijisehemu kimoja si sawa na kurudi kwa kila kilichosahaulika. Ambaye ubongo wake umekwisha kushikwa na dimenshia, maradhi yanayomla mtu kumbukumbu na fahamu, mazoezi humsaidia kulala, kutulia na kutoanguka, lakini hayaufuti ugonjwa. Atakayekwambia yanaufuta, muulize anauza nini.

Kwa upande wa huzuni, ushahidi nauona una nguvu zaidi. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwachukua watu 156 wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka kwa kuambiwa "jipe moyo". Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi ya kutembea kwa kasi au kukimbia polepole mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa. Waliotumia dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, na hilo nalisema makusudi, ili asije mtu akasoma hapa akatupa vidonge vyake baharini.

Kuna jingine litakalokufaa ukikutana na wale wanaosema "kidogo hakisaidii". Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2022, uliokusanya tafiti nyingi, uliona kwamba watu waliofanya nusu tu ya kiwango kinachoshauriwa, yaani kama saa moja na robo ya kutembea kwa kasi kwa wiki, hatari yao ya kupata sonona ilikuwa chini kwa asilimia 18 kuliko ya wasiofanya kitu. Waliotimiza kiwango chote, saa mbili na nusu, ilikuwa chini kwa asilimia 25. Angalia hesabu hiyo: faida kubwa iko kwenye kuinuka kwenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Misuli inapofanya kazi, mwili huongeza protini fulani zinazolisha chembe za ubongo na kuzisaidia kushikana. Kemikali za kutuliza maumivu na wasiwasi huongezeka. Usingizi huja na kina. Na kuna sababu ambayo haihitaji maabara: mtu aliyekaa huzunguka na wazo moja kama punda wa kinu. Akitembea, njia humkatiza. Ampishe mwenye punda, amjibu salamu yule, aangalie asiteleze.

Kabla ya kumwinua, rudini hospitali. Najua mlikwenda, lakini mlikwenda kupima presha. Safari hii nendeni, iwe King Fahd hapo mjini au kwingine mnakokuamini, mkaseme waziwazi: anasahau, usiku halali, chakula hali, amenyamaza. Waombeni wapime sukari, waangalie damu kama ina upungufu wowote, wapitie dawa anazokunywa, na wampime masikio. Masikio usiyadharau. Mtu asiyesikia vizuri huitika kwa kichwa, huuliza jambo mara mbili, na hujitenga, kisha watu husema akili imemtoka. Jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia ambayo yanaweza kurekebishwa, na ndani yake mlikuwamo kutosikia, presha, kisukari, upweke, sonona na kukaa bila kujishughulisha. Walikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Tena sonona kwa mtu mzima huweza kujivika sura ya usahaulifu hasa. Ukiitibu, na kumbukumbu hurudi. Mlivyo sasa, wewe na shangazi yako hamjui ni ipi, wala mimi sijui kutoka huku.

Kukuita kwa jina la dada yako, hilo lisikutishe. Mimi wanangu huwaita kwa jina la paka kwanza. La kutisha ni akipotea njia ya nyumbani, au akashindwa kuhesabu fedha alizozizoea. Na akianza kusema maneno ya kutaka kufa, usiseme ni ya uzee. Asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kuhusu kijicho, msomeeni dua, nani amewakataza? Dua haizuii kupima masikio. Fedha za kutazamiwa ndizo ningeziweka kando.

Haya, tumwinue vipi. Neno "mazoezi" limemwudhi kwa kuwa amelisikia kama mchezo wa vijana, jezi na filimbi. Lakini mazoezi yametoka kwenye kuzoea. Ni kitu ulichokizoeza mwili. Baba yako alikuwa na mazoezi miaka arobaini bila kuyaita hivyo, basi nawe usiyaite. Usimwambie aende akatembee, kwa sababu mtu mzima hatembei bure, atauliza anakwenda wapi. Mpe pa kwenda.

Hapa pana ugumu, naujua: kwetu mtu mzima hatumwi. Ukimwambia baba nenda kaninunulie samaki, utakuwa umemvunjia heshima na majirani watasikia. Lakini kuna njia ya kumtuma mtu bila kumtuma. Mwambie kijana anayeleta samaki asilete tena. Kisha mlalamikie baba: Baba, jana tumeuziwa changu amelala, sisi hatujui kuwatazama. Nahodha atavumilia siku mbili. Ya tatu atachukua fimbo yake aende sokoni mwenyewe, arudi akiwatukana wachuuzi, na huko kutukana ni dawa pia. Kinyozi naye mwambieni ana shughuli, baba amfuate dukani.

Msikiti vilevile. Kama baba huswalia msikiti wa hapo jirani, kaka yako amwombe wafuatane Alasiri mpaka Riyadha, upande wa Langoni. Yeye mwenyewe anajua kwamba kila hatua ya kuendea msikiti ina thawabu yake, hutakuwa umemfundisha kitu. Nao ni mwendo wa kutosha kuanzia, zile dakika kumi za mwanzo na ushei. Swala yenyewe siiweki kwenye hesabu ya mazoezi, ni ibada. Ila kama ameanza kuswalia kitini na magoti yake hayana ugonjwa, jua kwamba ni mazoea ya kukaa yanampanda mpaka huko.

Kwa umri wake nguvu za miguu na kujisawazisha zina umuhimu wa peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, hushauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye shughuli za kujisawazisha na za nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Nahodha hahitaji vyuma vya kunyanyua. Kupanda na kushuka dau, kusaidia kulivuta mtumbwi juu ya mchanga, kusimama kutoka mkekani bila kushika ukuta, vyote ni vile vile. Na ikija harusi yenye goma au kirumbizi, zile ngoma za fimbo, msimkalishe na wageni wa heshima. Mwacheni ashike fimbo aingie safu.

Kaka yako ana mtoto wa kiume? Kama yupo, apelekwe kwa babu akafundishwe upepo na nyota, lakini pwani, si barazani. Ubongo hupenda miguu na fikra viende pamoja. Mtu anayetembea huku akieleza, akikumbuka majina, akisahihisha, anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Muda uwe asubuhi baada ya Alfajiri au jioni jua likilegea, si saa saba za mchana. Mwezi wa Ramadhani itafaa baada ya futari. Mwendo uwe ule wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Akisikia kifua kubana, kizunguzungu au pumzi kukatika, akae, na daktari aambiwe kabla hajaendelea. Tena muulizeni huyo daktari, kwa presha yake, aanze kwa kiasi gani.

Sasa wewe. Umeniandikia kurasa za baba na mistari mitano yako, nayo mistari hiyo ndiyo iliyonikosesha raha. Moyo kwenda mbio saa nane za usiku na hakuna kilichokukimbiza, ni mwili uliojiandaa kukimbia kisha ukakalishwa na sindano mkononi. Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Siilaumu eda, ilinifaa kwa mengine. Lakini nilipotoka, nilikuta nimezoea kukaa. Kichwa kizito, usingizi wa vipande vipande, nalia nikitafuta chumvi. Jirani yangu, mwanamke wa maneno machache, alikuja mlangoni siku ya tatu akasema tu, "Vaa buibui, twende tukatazame maji." Hatukuzungumza njia nzima. Kesho yake akaja tena. Sikumbuki ni siku ya ngapi nililala usiku kucha, nakumbuka tu nilishangaa kumekucha.

Kwa hiyo buibui si kizuizi, na huhitaji kukimbia. Tafuta mwanamke mmoja wa kwenda naye, maana peke yako utaahirisha. Siku ya mvua, nyumba zetu za ghorofa zina ngazi kali kuliko mlima, panda ushuke dakika kumi. Ukishona, kila baada ya kofia kushika duara moja, inuka. Na kama baada ya wiki mbili moyo bado wakimbia na usingizi haujarudi, wewe nawe uende hospitali, si baba peke yake.

Mwisho kuna njia ya kuwaunganisha wewe na yeye, nimeiwaza tangu nilipoanza kuandika. Njia ya pwani ya kwenda Shela humezwa vipande maji yakijaa sana, hasa wakati wa bamvua, na maji hayangoji saa ya ukutani, kila siku huchelewa kama dakika 50. Atakayetaka kwenda na kurudi miguu mikavu lazima ajue maji, na aijue hesabu hiyo upya kila siku. Nyumbani kwenu anayeijua ni mmoja.

Basi leo jioni mpelekee kahawa yake, ukae naye kidogo, kisha umuulize: "Baba, kesho maji yapwa saa ngapi? Nataka kwenda Shela, naogopa kwenda peke yangu."